Chipukizi la Mama Katika Nchi ya Theluji

Safari ya Norwei haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama. Kaka yangu Ambakisye, aliyekwenda kusoma huko tangu mimi nikiwa binti mdogo na hakurudi, ndiye aliyemwalika mama akaone anakoishi. Mama aliitazama picha ya theluji aliyotumiwa, akacheka mpaka akajifuta machozi, akasema haendi mahali ambapo hata ng'ombe hana cha kula. "Aende Tumpe," alisema. "Yeye anauza makoti."

Ni kweli niliuza makoti. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, marobota ya mitumba yalikuwa yakishuka Tukuyu kama mvua, na mimi nilikuwa na meza yangu pale Makandana. Watu wa kwingine wanadhani Tanzania nzima ni jua. Waje Rungwe mwezi wa sita, ukungu ukiwa umelala juu ya chai mpaka saa nne, ndipo watajua kwa nini koti zito halikai mezani.

Lakini mama hakunituma kutembea. Usiku wa kuamkia safari nililala kwake Matwebe, na asubuhi alitoka shambani nyuma ya nyumba akiwa na kifurushi mkononi. Nilikitambua kabla hajafika mlangoni.

Katika ukoo wetu, mtoto akiondoka kwenda kuanzisha mji wake, mama humng'olea chipukizi la mgomba. Udongo haukung'utwi. Chipukizi hufungwa pamoja na udongo wake kwa maganda makavu ya mgomba, kwa sababu tunaamini likienda bila udongo wa kwao litadumaa muda mrefu kabla ya kushika. Ukishapewa chipukizi, umeagwa. Tangu siku hiyo ukija kwa mama wewe ni mgeni: unawekewa kiti, unaletewa chai kwenye sinia, chakula unapakuliwa. Mimi nilipewa langu nilipoolewa Ibighi. Wiki iliyofuata nilikwenda kumsalimia mama, nikapitiliza jikoni kama kawaida yangu na kufunua sufuria. Mama alinipiga kibao cha mkono. "Kaa kwenye kiti," alisema. Nilidhani ananitania. Nimekaa kwenye kiti hicho mpaka leo.

Kaka hakuwahi kupewa. Aliondoka kwa ajili ya masomo, na mtu wa masomo hurudi. Kwa hiyo miaka yote hiyo mama alipika na fungu lake, na kila jioni tulimsikia akisema peke yake jikoni, "Hili la Ambakisye," kisha akalila yeye mwenyewe asubuhi.

"Mama, hili ni la kazi gani?" nilimuuliza, ingawa nilijua.

"Mpelekee kaka yako. Nimechoka kumshika, Tumpe. Mtu hawezi kuwa na mguu mmoja huku na mwingine kule, atachanika. Mpe siku ya kuagana, siyo kabla. Kwanza mle, mcheke, halafu umpe."

"Na akiahidi kurudi?"

Mama alitazama mlima Rungwe, ambao asubuhi ile haukuonekana kwa mawingu. "Akiahidi mbele yako, kwa mdomo wake, nirudishie."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu. Nilikuwa na muda wa kukaa kwa kaka kumfanya aseme neno moja. Nikishindwa, ningemkabidhi kifurushi, na kaka yangu angekuwa mgeni kwa mama yetu maisha yake yote. Sikutaka. Nasema wazi, sikutaka hata kidogo.

Kutoka Tukuyu nilipanda gari hadi Mbeya, na Mbeya nikapanda treni. Nilikaa dirishani na kifurushi miguuni. Mama alikuwa amekitia ndani ya mfuko wa rambo na kufunga fundo lake, fundo dogo gumu ambalo hakuna mtu mwingine anayeweza kulifunga. Tulipoanza kushuka kuelekea Pwani, joto likaanza kupanda, na ile harufu ya udongo wa kwetu ikawa inatoka mle kidogo kidogo. Abiria wenzangu walikuwa wakilalamikia joto. Mimi nililalamikia harufu, maana ilinifanya nitamani kurudi kabla sijafika popote.

Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam ndipo nilipoweka tumaini langu la kwanza. Nilikuwa nimesikia kwamba udongo na mimea haviruhusiwi kuvuka mipaka. Nikasema moyoni, sawa, wataninyang'anya, nami nitamwambia mama serikali imekataa. Kwa hiyo ofisa aliponiuliza nimebeba nini, nilijibu kwa sauti ya kusikika, "Mgomba."

Alinitazama. "Mgomba?"

"Na udongo wake."

Yule kijana alicheka sana, akamwita mwenzake naye aje acheke. "Shangazi anawapelekea Wazungu matoki!" Nikapitishwa kwa heshima zote. Huko Ulaya nilikobadili ndege nilijipanga tena kwenye mstari wa wenye vitu vya kutangaza. Mkaguzi alikuwa amekwama kwa bwana mmoja mwenye sanduku zima la samaki wakavu, akanipungia mkono nipite. Ukitaka kukamatwa, hukamatwi.

Mji wa kaka ulikuwa mdogo, kati ya bahari na milima myeupe. Niliposhuka kwenye ndege, baridi ilinishika puani. Sisi wa Tukuyu huwa tunajisifu kwa baridi yetu; niliacha kujisifu pale pale. Kisha nikamwona mzee mmoja mwenye mvi akija mbio, nikajiuliza huyu baba ana haraka gani, mpaka aliponisalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile, Tumpe!" Nilimkumbatia nikalia, na yeye akalia, na Wazungu wakatazama pembeni kwa adabu.

Njiani Kiswahili chake kilinichekesha. Kilikuwa kimesimama pale alipokiacha. Aliniuliza kama foleni ya sukari bado ni ndefu na kama sabuni inapatikana.

"Kaka, siku hizi maduka yamejaa mpaka barazani. Sabuni za kila rangi."

"Kwa hiyo mambo ni mazuri?"

"Vitu vipo. Hela ndiyo imekwenda kutembea."

Alicheka kicheko cha baba yetu, marehemu. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu mwingine duniani ana kicheko kile.

Nyumbani kwake palikuwa pamepangwa vizuri na kimya. Alikuwa akiishi peke yake. Mlangoni yalining'inia makoti, nami kwa mazoea nikayakagua mishono: daraja la kwanza yote. Niliona hata jaketi la bluu lenye kola ya manyoya, pacha kabisa wa lile nililomuuzia mwalimu mmoja wa Ibighi kabla ya safari. Kwa hiyo nguo zao zilikuwa zikija kwetu na mtoto wetu alikuwa kwao. Nilikitia kifurushi chini ya kitanda, mbali na kipasha joto, kama mama alivyoagiza.

Siku zilizofuata kaka alinipeleka kazini kwake. Ilikuwa ni majira ambayo theluji huanza kuachia. Kabla ya kupanda mlimani, tulisimama mlangoni pa kituo chao cha utafiti na kusugua viatu kwa brashi na dawa, nyayo na pembeni, mpaka nikauliza kama tunaingia msikitini. Kaka alieleza kwamba ardhi ya kule juu ina wakazi wake, hawaonekani kwa macho, na udongo mgeni ukiingia na wakazi wengine unaweza kuharibu makazi yao. Nilisugua kwa bidii. Nilikuwa nikifikiria kilichokuwa chini ya kitanda changu.

Kule juu hapakuwa na mti hata mmoja. Nilidhani hapana mimea kabisa mpaka kaka aliponiambia nipige magoti. Nilipoinama niliuona msitu mzima usiofika kifundo cha mguu: vijiti vyenye vichipukizi vidogo, majani laini kama yale yanayoota juu ya mawe ya mtoni, na vichaka vya matunda vilivyolala chini kama vinaogopa kupigwa. Hapa na pale walikuwa wameweka vijumba vya plastiki ang'avu visivyo na paa.

"Hivi vya kuku?"

"Vya kupasha joto," alisema kaka. "Dunia inazidi kuwa na joto, na huku kunapata joto zaidi kuliko kwingi. Ndani ya vijumba hivi tunauwahi huo wakati ujao kidogo, tuone mimea na udongo vitafanya nini."

Mwenzake wa kazi, mama mmoja mrefu aliyeitwa Marit, alichimbua kipande cha udongo mweusi akanipa mkononi. Kilikuwa baridi, kimejaa vijiti na mizizi. Chini yake kidogo tu, jembe liligonga sehemu iliyoganda ambayo haiyeyuki mwaka mzima. Nilinusa. Ulinuka mvua ya zamani. Wetu hunuka chakula.

Tulikaa juu ya jiwe, kaka akanieleza kazi yake, na kwa kuwa alieleza kwa Kinyakyusa kilichochanganyika na Kiswahili, nilielewa vizuri kuliko nilivyotegemea. Kule, chakula cha mimea ni kichache, maana mabaki huchelewa kuoza kwa baridi. Kwa hiyo mimea haiwezi kuishi peke yake. Kwenye mizizi yake kuna kuvu, nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazokwenda mbali kutafuta naitrojeni na virutubisho vingine na kuvileta kwa mmea. Mmea nao unazilipa nyuzi hizo sukari uliyoitengeneza kwa jua. Na katika udongo wenyewe kuna bakteria na kuvu wengine ambao hawana mkataba na mtu.

"Hao ndio wezi?" niliuliza.

"Tulidhani hivyo. Tuliweka kwenye udongo chakula chenye alama, tukafuatilia nani kakipata. Mwanzo karibu chote kilikuwa kwa vijidudu. Mimea ilikosa. Lakini tuliporudi mwaka mwingine, na mwingine, alama ile ikawa inaonekana kwenye majani. Vijidudu vinashika chakula wakati wa baridi, chini ya theluji, mimea ikiwa imelala. Theluji ikiyeyuka vingi vinakufa na kukiachia. Mimea inakipokea polepole, kwa miaka."

"Kwa hiyo mimea inasubiri."

"Inasubiri sana," alisema kaka.

Halafu akanionyesha kinachomkosesha usingizi. Joto linaviamsha vijidudu mapema, theluji inaondoka mapema, chakula kinaachiwa, na mizizi bado haijaamka. Maji ya theluji yanakibeba na kukipeleka mtoni. Baadhi ya vichaka vinafaidi na kurefuka, vile vidogo vilivyolala chini vinafunikwa. Na udongo uliokuwa umeganda, ukiyeyuka na kuliwa, unatoa hewa inayozidisha joto lile lile. Alisema hayo akiwa ameshika jani dogo kati ya vidole viwili, bila kulichuma, kama ninavyomkumbuka baba akishika jani la kahawa lenye ugonjwa.

Nilimpenda sana kaka wakati ule, na pia nilimkasirikia.

"Utarudi lini?" niliuliza.

"Mwakani nitaangalia."

"Umekuwa ukiangalia tangu sijavunja ungo."

"Tumpe, kila majira ya kuyeyuka lazima mtu awepo. Ukikosa mara moja, hujui kilichotokea."

"Kwa mama nako kuna majira. Kila jioni anakutengea fungu. Na kila asubuhi analila yeye, limepoa. Hilo nalo lipime."

Marit, ambaye hakuelewa neno, alitumiminia kahawa kutoka kwenye chupa akatupa kila mtu kikombe, na tukanywa tukitazama upande mmoja.

Muda wangu uliobaki nilijaribu kwa kila njia. Nilipika mbalaga kwa ndizi mbichi za dukani, ndizi za nchi isiyojulikana, na maharage ya kopo. Kaka alikula, akaongeza, akakomba sahani. Nilimsimulia nani kaoa, nani kajenga, nani kang'oa kahawa kapanda chai. Alitaka yote. Aliuliza kama ule mkondo wa maji chini ya shamba bado unatoa sauti kiangazi. Aliuliza kama mama bado anaimba akipalilia. Lakini kila nilipomkaribisha kwenye lile neno, alilizunguka kama shimo. Jioni zikawa na jua, kisha jua likaacha kabisa kuzama. Nilitundika kitenge dirishani ili nipate usingizi, nikalala nikinusa kilichokuwa chini ya kitanda. Niliitamani mvua ya kwetu mpaka nikawa naisikia kwenye bomba la maji.

Asubuhi ya kuondoka nilikitoa kifurushi, nikakiweka juu ya meza ya jikoni kati ya vikombe viwili. Sikuwa na hotuba. "Mama amekutumia," nilisema.

Kaka aliona maganda makavu kupitia ule mfuko. Aliona fundo. Alikaa chini taratibu.

"Ni langu?"

"Ni lako."

"Amenichoka?"

"Hajakuchoka. Amechoka kukushika."

Aliuweka mkono wake juu ya kifurushi, akaubakisha pale. Kisha akainamisha uso, akanusa pale juu ya fundo. Kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi, alilia na pua yake ikiwa imegandamizwa kwenye mfuko wa rambo, na mimi sikumgusa kwa sababu niliona hayuko na mimi. Alikuwa Matwebe.

Aliponyanyua uso, alikuwa amebadilika sauti. Alisema kwa ile sauti ya kazini, "Ulijua kwamba huu udongo hauruhusiwi huku?"

"Niliwaambia. Walinicheka."

"Hauwezi kukaa. Una viumbe vyake humu, mamilioni. Kazi yangu nzima ni kulinda ule wa kule juu." Alisimama, akawasha oveni. "Sheria yetu ni kuuchoma mpaka kila kilicho hai kife."

Tulisimama tukisikiliza oveni ikipata joto. Kilipolia kikengele chake, kaka alikichukua kifurushi, akafungua mlango wa oveni, joto likatupiga usoni. Alisimama hivyo. Akaufunga mlango, akaizima oveni, na kifurushi bado kikiwa kifuani.

"Siwezi," alisema. "Kuna kuvu ya mgomba humu, Tumpe. Kuna jasho la mama."

"Basi ukipande."

"Kukipanda hapa pia siwezi." Alichukua mfuko mwingine safi, akautia ule wa mama ndani, akafunga juu yake, na fundo la mama hakuligusa. Kisha akanikabidhi kwa mikono miwili, kama tunavyompa mtu mzima kitu. "Mrudishie. Mwambie sijapokea."

"Nimwambie unarudi?"

"Mwambie sijapokea," alirudia. "Ataelewa."

Ndege, treni, gari: safari ya kurudi sikumbuki mengi. Nakumbuka tulipopanda kutoka Mbeya na dirisha likaanza kuingiza ile hewa yenye unyevu, nikaona migomba ya kwanza, nikawa nalia bila sababu na mwanamke aliyekaa karibu nami akanishika goti. "Pole mama, umefiwa?" Nilimwambia hapana, nimefika.

Matwebe nilimkuta mama shambani, na mvua nyembamba ikinyesha. Nilimpa kifurushi pale pale kwenye tope.

"Ameahidi?" aliuliza.

"Hakuahidi. Amesema hajapokea."

Mama alikigeuza kifurushi. Aliliona fundo lake, halijafunguliwa. "Mwe!" alisema taratibu. Alipasua mfuko wa nje, akalifungua fundo lake mwenyewe, na pale ndani, likiwa limekunjamana lakini hai, chipukizi lilikuwa limetoa ncha moja nyeupe. Hakuniuliza neno jingine. Alichimba kwa mikono chini ya mgomba ule ule alikoling'oa, akalirudisha pamoja na udongo wake, akalikanyagia kwa mguu pole pole.

"Ndaga fijo, mwanangu," alinishukuru. "Sasa njoo ndani, nikupe chai." Akaniletea kiti.

Kaka alikuja. Siyo mwaka ule, wala uliofuata. Alikuja baada ya kumfundisha mtu mwingine kuangalia vijumba vyake wakati wa kuyeyuka. Alifika mvua ikinyesha, viatu vyake vikiwa na tope la kwetu mpaka vifundoni, na wala hakutafuta brashi. Chipukizi lilikuwa limekwisha kuwa mgomba na kuzaa, na ndizi zake ndizo zilizokuwa jikoni siku ile. Mama, macho yakiwa yamepungua nuru, alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maharage. Aliisikia sauti yake mlangoni. Nilisubiri amlilie, amsalimie kwa vigelegele, aniagize nilete kiti.

Hakunyanyua hata kichwa. "Umechelewa," alisema. "Chungu kiko jikoni. Jipakulie."

Nilikwenda hadi ukingo wa dunia nikajifunza kwamba kuna mimea inayongoja miaka mingi ili kupata kilicho chake. Lakini ukiniuliza nilichokipata mimi, nitakwambia kwamba siku ile nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha wageni, sinia la chai mapajani, nikisikia kaka yangu akifunua chungu cha mama bila kumwomba ruhusa mtu. Mimi ninayeishi Ibighi, ninayefika pale kila wiki. Nilimwonea wivu mpaka chai ikapoa.